Randa mpya au ya mtumba? Soma hapa kabla hujamnunulia mwanao

Wiki ya tatu tangu aanze chuo, mwanangu alirudi nyumbani, akatupa begi kwenye kochi na kuniambia, "Mama, mimi siyo wa useremala."

Nilishtuka. Ni kijana huyu huyu aliyetusumbua mwaka mzima kwamba hataki kurudia mtihani, anataka ufundi. Baba yake alikuwa ameshaanza kuelewa, na mimi nilikuwa nimeshatoa pesa ya kikoba kumlipia ada. Sasa eti siyo wa useremala!

Nilimwekea chakula, nikangoja. Alipokwisha kula akasema: wenzake wakipiga randa, mbao inakuwa laini kama kioo. Yeye akipiga, randa inaruka, inakwama, au inachimba mashimo. Mwalimu amemwambia aongeze juhudi. Wenzake wanamcheka. Akanionyesha viganja, vina malengelenge.

Randa hiyo tulimnunulia sisi. Ilikuwa mpya, ndani ya boksi, na mpini mwekundu unaong'aa. Nililipa shilingi 38,000 katika duka la vifaa vya ujenzi, tena baba yake ndiye aliyesisitiza iwe mpya. "Mtoto asiende chuo na kitu cha mtumba, atadharauliwa," alisema. Nilimuunga mkono.

Makala hii ni kwa ajili ya mzazi ambaye Januari ikifika atakabidhiwa orodha ya vifaa vya mwanafunzi wa useremala: msumeno, patasi, nyundo, skwea, futi na randa. Vingi kati ya hivyo unaweza kununua ukiwa umefumba macho. Randa huwezi.

Tulichoambiwa Keko

Jumamosi iliyofuata nilimchukua kijana pamoja na randa yake tukaenda Keko, kwa fundi aliyetutengenezea kitanda miaka ya nyuma. Mzee yule ana mvi kichwa kizima, na ukifika kwake unakanyaga maranda mpaka kwenye kifundo cha mguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni. Kitanda kimevunjika?"

Nikamwambia kitanda kizima, ila moyo wa kijana ndio umevunjika. Akacheka, akaomba aione randa.

Hakuijaribu kwanza. Aliigeuza juu chini, akaweka rula ya chuma kwenye uso wake wa chini, ule unaoteleza juu ya mbao, akainua yote kuelekea jua. Akamwita kijana atazame. Katikati, mwanga ulikuwa unapita chini ya rula kama mlango usiofunga vizuri. Uso wa randa ulikuwa na bonde.

Kisha akatoa kisu cha randa na kukipitisha kwenye ukingo wa karatasi. Karatasi ikakunjika bila kukatika. Akamuuliza kijana, "Nani alikunolea?" Kijana akajibu kwamba hakuna, ilikuwa mpya.

Mzee akanigeukia mimi. "Mama, randa mpya siyo tayari kwa kazi. Ni kama jembe la dukani. Nani analima na jembe ambalo halijanolewa?"

Basi tukajua kwamba kosa la kwanza lilikuwa letu. Sisi tulidhani mpya maana yake iko tayari. Na kwa kuwa iling'aa, hata mtoto hakuwahi kufikiria kwamba tatizo linaweza kuwa randa. Alijilaumu mwenyewe.

Mzee alikaa na randa ile karibu saa mbili. Alibandika msasa juu ya kioo kinene, akausugua uso wa chini mpaka bonde likapungua. Akanoa kisu kwenye jiwe la mafuta. Akanyoosha kile kipande cha chuma kinachokaa mgongoni mwa kisu, kwa sababu kilikuwa hakigusani na kisu vizuri na maranda yalikuwa yanaingia katikati na kuziba. Kisha akampa kijana ubao wa mpaini.

Randa ikatoa randa refu, jembamba, likajikunja kama utepe. Kijana hakusema kitu. Alipiga mara ya pili, ya tatu, ya nne. Nilimwona mabega yakishuka.

Lakini habari haikuishia hapo. Mzee alileta kipande cha mninga, ambao ni mgumu kuliko mpaini. Baada ya mapito kama kumi, randa ikaanza tena kukwaruza. Akatoa kisu, akatuonyesha makali: yalikuwa yamelala upande. Chuma cha kisu kilikuwa laini. "Hii atajifunzia," alisema. "Ila akianza kazi za mninga na mkongo, atanoa kuliko kupiga randa."

Kwa nini mafundi wanasifia randa za zamani

Ukipita kwenye vibanda vya mafundi utasikia majina mawili yakitajwa kwa heshima: Stanley na Record. Mengi ya randa hizo ni za mtumba, zimepita mikono mingi.

Stanley ni ya Marekani. Mwaka 1869 kampuni hiyo ilinunua haki za ubunifu wa Leonard Bailey, fundi aliyebuni namna ya kurekebisha kisu cha randa kwa gurudumu dogo la skrubu badala ya kugonga kwa nyundo. Record ilitoka Sheffield, Uingereza, mji uliojulikana kwa vyuma na visu. Haki za Bailey zilipokwisha muda wake, viwanda vingi duniani vilianza kutengeneza umbo lile lile. Ndiyo maana randa ya dukani leo inafanana sana na ile ya babu yako.

Hata namba zao zinakaribiana. Randa ya Stanley namba 5 ni sawa na Record namba 05. Namba hiyo ina urefu wa takriban sentimita 36, na ndiyo inayomfaa zaidi anayeanza kwa sababu inafanya kazi nyingi: kupunguza mbao, kunyoosha na kulainisha. Namba 4 ni fupi, takriban sentimita 25, na hutumika zaidi kulainisha mwishoni. Namba 7, yenye sentimita 56 hivi, ni ya kunyoosha kingo za mbao ndefu zinazounganishwa. Mwanafunzi haihitaji sasa.

Kwa nini ya zamani inasifiwa? Kwanza, mara nyingi kisu chake ni cha chuma kigumu kinachotunza makali. Pili, imeshatumika: kama ilikuwa na kasoro ya kiwandani, kuna fundi aliyekwisha kuirekebisha. Tatu, gurudumu na skrubu zake mara nyingi zimekaa vizuri, huwezi kukuta zinacheza ovyo.

Hata hivyo umri peke yake siyo cheti. Kuna randa ya zamani iliyodondoka ikapasuka, kuna iliyoliwa na kutu, na kuna iliyonolewa mpaka kisu kikaisha. Hata kampuni yenye jina hutoa bidhaa za viwango tofauti katika miaka tofauti. Usinunue jina. Nunua randa iliyo mbele yako.

Nilivyokaribia kupigwa

Nilikata shauri: ile mpya atajifunzia kunoa na kunyoosha, na tutatafuta ya mtumba moja nzuri. Baba yake alinuna kidogo, nikamwambia aje mwenyewe ashuhudie. Jumapili tukaenda watatu kuzunguka kwenye vibanda vya wauza vyuma na vifaa vilivyotumika.

Kibanda cha kwanza tulikuta randa nzuri ajabu. Nyeusi, safi, mpini umepakwa vanishi. Muuzaji akasema elfu sitini, ila kwa kuwa mimi ni mama yake, elfu hamsini. Baba watoto akaipenda papo hapo na mkono ukaenda mfukoni.

Nilikumbuka maneno ya mzee wa Keko: kitu cha zamani kikipakwa rangi mpya, jiulize rangi inaficha nini. Nikaomba kisu kitolewe. Muuzaji akasita, kisha akatoa. Pembeni mwa ule mdomo ambapo kisu kinatokezea, kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, umejaa rangi. Kijana akaukwangua kwa ukucha, rangi ikabanduka. Ulikuwa ufa.

Mwili wa randa hutengenezwa kwa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Chuma cha aina hiyo ni kizito na kigumu, lakini kikidondoka kwenye sakafu hupasuka kama chungu. Ukikichomelea kwa namna ya kawaida, mara nyingi hupinda au kupasuka tena pembeni. Randa yenye ufa mdomoni ni ya kuweka kwenye kabati la maonyesho.

Tukaondoka. Baba watoto hakuongea mpaka tulipofika kibanda cha tatu.

Huko tulikuta randa isiyovutia hata kidogo. Ina kutu ya juu juu, mpini wa nyuma umemeguka ncha, vumbi tele. Tukaikagua kipengele kwa kipengele. Haikuwa na ufa. Kisu kilikuwa bado kirefu. Gurudumu lilizunguka. Tukalipa elfu arobaini na tano, tukapewa karatasi yenye jina la muuzaji, namba ya simu na tarehe.

Hizo ni bei nilizolipa mimi. Zako zinaweza kupanda au kushuka kutegemea mji na ulimi wako.

Mambo manane ya kukagua

Beba rula ya chuma, bisibisi na tochi ya simu. Muuzaji akikataa usifungue randa yake, muage kwa heshima uende zako.

1. Ufa. Toa kisu, angalia kuzunguka mdomo wa randa na kuta za pembeni, ndani na nje. Mulika kwa tochi. Hili ndilo la kwanza, na likishindikana usiendelee na mengine.

2. Kisu kilichobaki. Kisu kina tundu refu katikati linalopitisha skrubu. Pima kutoka mwisho wa tundu hilo mpaka kwenye makali. Kadiri umbali ulivyo mfupi ndivyo kisu kilivyokaribia kufa, kwa maana kila kunolewa kunakipunguza. Kisu kinaweza kununuliwa kingine, lakini jumlisha gharama hiyo kwenye bei. Kwa randa namba 4 na 5 za kawaida upana wa kisu ni inchi 2.

3. Kutu. Kutu ya juu juu isikutishe, inatoka kwa msasa. Ya kuogopa ni ile iliyochimba vishimo, hasa kwenye mgongo bapa wa kisu karibu na makali. Kila kishimo kikifika kwenye makali kinakuwa pengo, na kila pengo linaacha mstari kwenye mbao.

4. Uso wa chini. Weka rula kwa urefu na kwa mshazari, tazama mwanga. Sehemu tatu lazima zikae usawa mmoja: ncha ya mbele, eneo la mbele ya mdomo, na mwisho wa nyuma. Bonde dogo mahali pengine siyo kesi. Bonde mbele ya mdomo ni kesi.

5. Kipande cha mgongoni mwa kisu. Kifunge na kisu, kisha viinue kwenye mwanga. Kusiwe na upenyo pale vinapogusana. Upenyo mdogo hurekebishwa kwa jiwe la kunolea. Kikiwa kimepinda sana, acha.

6. Gurudumu na skrubu. Zungusha gurudumu la shaba huku na huko. Kisu kishuke na kupanda. Kama skrubu haipo au uzi wake umekwisha, fahamu kwamba uzi wa randa nyingi za zamani hauingiliani na nati za kawaida za dukani. Kupata nyingine ni safari.

7. Mpini. Ukiwa umevunjika, shusha bei kwa sababu hiyo, kisha nunua kwa furaha. Mpini wa mbao fundi anachonga. Kwetu kijana ndiye aliyechonga mwenyewe, kwa kipande cha mninga alichookota kwenye mabaki ya karakana.

8. Mzani wa mkono. Mpe mtoto aishike. Namba 5 ya chuma ina uzito wa kilo 2 na ushei. Kama ni binti au kijana mwenye mikono midogo, na mpini unamlazimu kubana vidole, jaribu namba 4. Mwanafunzi atapiga randa saa nyingi, siyo dakika tano.

Na kama muuzaji ana kipande cha mbao na jiwe la kunolea hapo kibandani, omba ajaribu mbele yako. Randa refu jembamba litakuambia mengi kuliko maneno yake.

Swali ambalo wengi hatuulizi

Imetoka wapi? Vifaa vya mafundi huibwa kila siku. Fundi akiibiwa randa na misumeno, ameibiwa chakula cha watoto wake. Na kisheria kupokea mali ya wizi ukijua ni ya wizi ni kosa.

Kwa hiyo nunua kwa mwenye kibanda au kwa fundi anayejulikana mtaani. Mtu anayekufuata saa mbili usiku na randa ndani ya mfuko wa plastiki, bei nusu, mwambie umelala. Angalia pia herufi zilizogongwa kwenye chuma au kuchongwa kwenye mpini, kwani mafundi wengi huweka alama zao. Muulize muuzaji herufi hizo ni za nani. Mwenye mali halali atakupa historia hata hujaiomba.

Karatasi ya mauziano, hata iliyoandikwa kwa mkono, itunze.

Mpya inafaa lini?

Sitaki msomaji aondoke akidhani mpya ni haramu. Kuna mazingira ambayo mimi mwenyewe ningenunua mpya.

Kama unaishi mahali ambapo randa za mtumba hazipatikani, au huna fundi wa kukusaidia kukagua, randa mpya ya dukani yenye risiti ni salama kuliko kubahatisha. Omba uifungue dukani. Weka rula chini yake, zungusha gurudumu, tazama kama kisu kinakaa katikati ya mdomo. Ukikuta kasoro kubwa, badilisha hapo hapo. Hilo ndilo faida kuu ya mpya: una pa kurudi.

Kama chuo kinatoa vifaa vya karakana na mtoto anahitaji tu cha kufanyia mazoezi nyumbani, mpya ya bei nafuu inatosha, mradi inolewe na kunyooshwa kwanza.

Zipo pia randa mpya za hali ya juu kabisa. Lie-Nielsen wa Marekani na Veritas wa Kanada hutengeneza randa ambazo ukitoa kwenye boksi na kunoa kidogo unaanza kazi. Lakini bei zake ni za fundi aliyekwisha kusimama, siyo za mwanafunzi. Mnunulie akihitimu na kupata tenda, au ajinunulie mwenyewe.

Wengine wataniuliza kuhusu randa ya umeme. Inapunguza mbao haraka, hilo halina ubishi, na karakana nyingi haziwezi kuishi bila mashine. Lakini mlango ukikwama kwa milimita moja, ama umeme ukikatika na mteja yupo getini, randa ya mkono ndiyo inayomaliza kazi. Na kwa mwanafunzi, ya mkono inamfundisha kusoma nyuzi za mbao: zinaelekea wapi, na ukipiga kinyume chake nini kinatokea. Mashine haimfundishi hilo mpaka aharibu mbao.

Kuifufua ya mtumba nyumbani

Randa yetu yenye kutu tuliifufua kwa siku mbili, sebuleni, juu ya magazeti ya zamani. Ni kazi nzuri ya kufanya na mtoto, mradi mtu mzima ashike kisu.

Ifungue yote na upige picha kwa simu kila hatua, ili ukumbuke kipi kilikaa wapi. Vipande vidogo vya chuma vyenye kutu viloweke kwenye siki usiku mmoja. Asubuhi visugue kwa brashi, suuza kwa maji, kausha mara moja na upake mafuta, la sivyo kutu itarudi kabla ya chakula cha mchana. Mwili wa randa usugue kwa msasa na mafuta ya taa kidogo, dirisha likiwa wazi na mbali na jiko.

Kunyoosha uso wa chini, bandika msasa mkwaruzo juu ya kioo kinene au kigae kilichonyooka. Chora mistari kwa kalamu kwenye uso wa randa. Kisu kiwe ndani kimefungwa lakini kimerudishwa juu kisiguse msasa. Sugua. Mistari ikifutika sehemu zile tatu nilizotaja, umemaliza. Malizia kwa msasa laini.

Kunoa, kwanza lainisha mgongo bapa wa kisu karibu na makali mpaka ung'ae. Kisha geuza unoe upande wa mshazari. Mafundi wengi hutumia nyuzi 25 kwa mshazari mkuu, na nyuzi 30 kwa ncha ya makali. Kama huna cha kupimia, laza mshazari wenyewe juu ya jiwe, kisha inua kidogo sana. Ukisikia kwa kidole ukingo mdogo wa chuma umejikunja upande wa nyuma, geuza uuondoe kwa kusugua mgongo ukiwa umelala kabisa. Jaribu kwenye karatasi. Ikikata bila kuchana, rudisha kisu kwenye randa.

Jiwe la kunolea lenye pande mbili, mkwaruzo na laini, lilitugharimu elfu kumi na mbili. Ukiniuliza leo, ningeanza kununua jiwe kabla ya randa. Randa nzuri bila jiwe itakuwa mbaya ndani ya wiki moja. Randa ya kawaida na jiwe itaendelea kukata.

Watoto wadogo wasiwe karibu. Kisu cha randa kilichonolewa vizuri hakimwonyi mtu.

Kuitunza

Miji ya pwani ina unyevu na chumvi, na chuma hakipendi hivyo. Mfundishe mtoto kila jioni kufuta randa, kupaka mafuta ya cherehani kwa kitambaa, kurudisha kisu juu, na kuifunga kwenye kitambaa kikavu. Asiiweke juu ya misumari wala kuitupa kwenye begi pamoja na nyundo. Na agonge herufi za jina lake pembeni, kwa sababu kwenye karakana ya wanafunzi thelathini, randa zote ni ndugu.

Kwa wale wanaohesabu

Tulitumia elfu 38 kwa mpya, elfu 45 kwa ya mtumba, elfu 12 kwa jiwe, na elfu chache kwa msasa na siki. Kama tungejua mwanzoni, tungenunua ya mtumba, jiwe na msasa tu, na ile elfu 38 ingekwenda kwenye patasi ambazo bado anaazima.

Lakini hasara ambayo ingeuma zaidi haiko kwenye hesabu hiyo. Tulibakiza kidogo tumtoe chuoni mtoto mwenye mikono mizuri, kwa sababu ya kisu kisichonolewa. Mzazi, mwanao akirudi nyumbani na kusema kazi fulani haimfai, kabla hujamwambia aongeze bidii au aache, mwombe akuonyeshe kifaa anachofanyia. Mpelekee fundi mzee akitazame. Huenda mtoto hana tatizo lolote.

Mwezi uliopita kijana alikuja wikiendi na randa yake ya mtumba. Mlango wa bafu letu umekuwa ukikwama kila masika, na kila mwaka baba yake huupiga teke. Kijana akauvua kwenye bawaba, akaulaza kwenye viti viwili, akapiga randa ukingo kwa dakika chache na kuurudisha. Ukafunga kwa kidole.

Baba yake aliufungua na kuufunga mara nne. Kisha akaishika ile randa, akaigeuza, akauangalia mpini wa mninga.

"Hii ndiyo ile ya kutu?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

Akairudisha mezani taratibu, akiilaza ubavu kama alivyoona mzee wa Keko akifanya. Maranda nilimpa jirani mwenye kuku.